Mwaka wa Rejimu

Juzi tulimzika Mama Asha, na tangu juzi watu wananipa pole mimi. Wanaingia hapa kwake Mutanga Nord, wanavua viatu mlangoni, wanapita kwa watoto wake, halafu wanakuja mpaka kwenye mkeka wangu na kunishika mkono. Pole Bi Zaina, sasa umebaki peke yako. Nawajibu ahsante. Jana mchana kililetwa chakula, wali na maharage na sombe ya majani ya muhogo, nikawaona majirani zangu wa Buyenzi wanatazamana juu ya sinia. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba wapishi wamesahau chumvi. Nikamwambia hawakusahau, nyumba hii ndivyo inavyopika. Asha, binti yake mkubwa, ndiye aliyesimamia masufuria, na mkono wake ni ule ule wa mama yake. Nilikula sahani yangu yote. Kilikuwa kitamu, na nikamwonea wivu, mimi mwenye wajukuu, mtu ambaye udongo wa kaburi lake haujakauka. Sitajifanya. Tulikuwa wake wawili wa mwanaume mmoja, nimemwonea wivu tangu siku niliyoolewa, na sioni kwa nini niache kwa vile amekufa.

Chakula kile kisicho na chumvi kilinirudisha kwenye mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ndoa yangu haijafunga mwaka wa pili. Nilikaa Buyenzi, vyumba viwili na kibaraza, mbabula yangu ya makaa ikiwa chini ya upenu, na ukuta mwembamba sana kati yangu na majirani. Mume wetu alikuwa na duka la vipuri vya magari kule Asiatique. Zamu zilikuwa siku mbili kwa mke mkubwa, siku mbili kwangu, na jioni ya zamu yangu nilikuwa nikimsikia akisalimiana na watu kuanzia mwanzo wa avenyu. Mi nilikuwa nimeshapika tangu adhuhuri. Sombe niliitia mawese mpaka mafuta yakasimama juu, mekundu. Ndagala, dagaa wa ziwani, nilizikaanga zikakauka, wali niliukoleza samli, na chai ya maziwa niliitia sukari bila kuihurumia. Alikula huku akicheka. Alisimulia wateja wake, aliigiza sauti zao, akajipiga paja, akaomba kuongezwa. Jirani alikuwa akigonga ukuta na kuuliza, "Baba Asha, na sisi tucheke?" Kicheko kile kilikuwa changu. Kwa mke mkubwa kulikuwa na nyumba ya vigae, jiko la gesi, kabati la vyombo na watoto wanne. Kulikuwa na jina pia. Watu wote walimwita Baba Asha, na mimi ndani ya nyumba yangu, kwenye mkeka wangu, nilimwita mume wangu kwa jina la mtoto wa mwanamke mwingine. Jaribu kufanya hivyo siku mbili mfululizo, uone usiku utalala vipi.

Kisha mume wetu akapata kidonda kwenye dole gumba la mguu wa kushoto. Alisema ni kiatu. Mvua zilianza na kumalizika, kidonda kiko palepale, kinanuka. Hospitali wakampima, wakakuta sukari na presha, vyote pamoja, na daktari akasema kwa Kifaransa neno ambalo sote tuliondoka nalo mdomoni: rejimu. Akaanza kuhesabu vya kupunguza, mafuta, chumvi, bugali, wali, soda, na akaongeza kwamba sukari isiposhuka watakata dole, na dole lisipotosha watakata mguu. Yule mwanaume aliyekuwa akiigiza sauti za watu alikaa kimya ndani ya teksi kutoka hospitali mpaka Mutanga Nord. Mi nilikuwa nimekaa nyuma. Mbele yangu niliona shingo yake tu, na nikaogopa.

Kikao kilifanyika hapahapa nilipokaa leo. Kaka yake mkubwa, Mzee Jumaine, alikaa kwenye kiti cha peke yake, Mama Asha karibu na mgonjwa, na mi mwisho wa kochi, ambako springi zilikuwa zimekufa. Mzee Jumaine akasema, "Mutu mugonjwa hawezi kula ku majiko mbili. Atakaa hapa kwa mke mukubwa mupaka kidonda kikauke. Kikikauka, zamu inarudi."

"Na kisipokauka?" nikauliza.

"Zaina, we bado mutoto. Unapika vizuri, hakuna mutu anakataa. Lakini unapika ya harusi kila siku."

Wakacheka, na mume wangu akacheka nao. Ndicho kicheko chake pekee ambacho sikukipenda. Mama Asha hakucheka. Aliniangalia kwa ule upole wake na kusema, "Mudogo wangu, hii nyumba ni yako. Uwe unakuja kila siku kumutazama." Afadhali angenitukana. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Nilirudi Buyenzi, nikaikuta mbabula imepoa, na jirani yule wa ukuta akaniuliza kama Baba Asha amesafiri.

Basi nikaapa zamu yangu irudi. Siku ya tatu nilifunga kapu, nikamwita mwenye pikipiki, nikaenda Mutanga Nord na chakula cha mgonjwa nilichokitengeneza mwenyewe. Kwa akili yangu ya wakati ule, ugonjwa wa sukari ulikuwa ugonjwa wa ile sukari nyeupe ya dukani. Kwa hiyo sukari niliitupa nje kabisa. Uji wa ulezi niliutia asali, asali safi ya kutoka milimani, nikaweka kapuni na chupa yake, na tende zilizobaki za Ramadhani, na ndizi mbivu pembeni. Asali ni dawa, tende ni sunna. Nani Buyenzi nzima angeniambia kwamba kitu cha baraka kinaweza kumdhuru mtu? Mama mkwe mwenyewe, angekuwa hai, angenibusu mkono. Mume wangu alipofunua bakuli macho yakamng'aa, akanywa uji wote, akala tende nyingi, akaniambia, "Zaina, we ndio daktari." Nilirudi nyumbani nikiimba.

Kesho yake Mama Asha alinipokea mlangoni na kapu langu mkononi. Alikuwa amelisafisha, amelifunika kwa kitambaa kilichopigwa pasi, na ndani zilikuwamo tende zilizosalia, asali yangu, na ndizi. Akaniongoza mpaka kwenye kabati, akatoa ile mashine ndogo ya kupimia sukari ambayo hospitali ilikuwa imewafundisha kuitumia, akanionyesha namba ya jana jioni. Sikuijua ile namba maana yake, lakini niliuona uso wake, nikaelewa kwamba ilikuwa namba ya kuogopesha. "Asali pia?" nikauliza. Akasema, "Asali pia. Na tende. Mi pia nilishangaa." Halafu akaongeza, "Ingia jikoni, uone mi ninafanya nini."

Hapo ndipo palipo na sumu yote ya mwaka ule. Hakunificha kitu. Wanawake wengine huficha hata kiasi cha kitunguu, huyu alinivutia kigoda karibu na jiko lake la gesi, penye dirisha linaloangalia mgomba, na kunifundisha namna ya kunyang'anya zamu yake mwenyewe. Kila asubuhi nilikwenda kumtazama mgonjwa, nikamtazama kidogo, halafu nikaingia jikoni. Alinionyesha kwamba kitunguu kinaweza kulainika kwa maji kidogo na mfuniko, bila mafuta. Sombe aliipika kwa karanga alizokaanga na kuzitwanga mwenyewe, na mawese kijiko kimoja tu, mwishoni, kwa ajili ya harufu. Ndagala hakuzikaanga, alizichoma juu ya chuma kikavu, akazisaga, akawa ananyunyiza unga wake kwenye maharage mahali pa chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vilifanya kazi iliyokuwa ikifanywa na chumvi. Sahani ya mgonjwa alianza kuijaza mchicha wetu wa lengalenga na shu, yaani kabichi, na bilinganya mpaka nusu, kisha maharage au samaki, na bugali ikaja mwisho, donge la ngumi ya mtoto. Nilikata, nilikuna, nilionja. Nilipokosea alinisahihisha kwa kidole, kimyakimya. Mikono yake ilikuwa mizuri, nayo niliionea wivu. Nilionea wivu dirisha lile, maji yaliyokuwa yakitoka kwenye bomba bila kutekwa, na namna alivyojua bila kuuliza mume wetu amegeukia ubavu gani kitandani chumba cha pili. Nikishamaliza kujifunza nilikaribishwa kula, maana aliyekuja kutazama mgonjwa haondoki na njaa. Chakula kilikuwa kitamu, na nilikimeza kwa hasira.

Nyumbani nilirudia yote kwenye mbabula. Niliunguza ndagala, nikatoa sombe chungu, nikapika maharage ambayo hata paka wa avenyu aliyanusa na kuondoka. Nilikula mwenyewe, maana hakukuwa na wa kumlisha. Mwezi wa kwanza nililia kila jioni. Mwezi wa pili nilianza kuona kwamba ule mzigo niliokuwa nikilala nao tumboni umepungua, na kanga yangu inafunga vizuri, na jambo hilo likaniudhi pia, kwa sababu sikuwa na mtu wa kuniona.

Siku moja nilifika mapema kuliko kawaida. Lango lilikuwa wazi, nikapita nyuma kuelekea jikoni, nikamsikia Mama Asha akiongea na dada yake dirishani. Dada yake alikuwa akimpongeza: bwana amerudi kwako moja kwa moja, kidonda kinafunga, yule mdogo ameshikishwa adabu. Nilisimama chini ya mgomba na kapu langu. Mama Asha akajibu, "Apana, we hujui kitu. Hapa anakula kama yuko hospitali. Anameza, anasema alhamdulillahi, anageukia ukuta. Kule kwa mutoto alikuwa anacheka. Watu wa Buyenzi wananiambia, walikuwa wanasikia kicheko mupaka kwa majirani. Mi miaka kumi na nne sijamusikia akicheka namna ile." Dada yake akasema kucheka si kitu. Mama Asha akasema, "Kwako we si kitu."

Nataka kusema nilimhurumia. Nilimhurumia baadaye. Pale chini ya mgomba nilifurahi, nikageuka na kapu langu, nikatoka bila kuingia. Mwenye vigae, mwenye gesi, mwenye jina, kumbe alikuwa ananionea wivu mimi wa mbabula. Furaha ile ilidumu mpaka nilipofika barabarani, nikaanza kufikiri vizuri. Kicheko kilikuja na mawese. Sasa nilikuwa najifunza kupika kama yeye ili nirudishiwe mume, na nikimpikia kama yeye atageukia ukuta wangu pia. Nitapata zamu na nitapoteza kile nilichokuwa ninaitakia zamu. Na nisipopika hivyo, mguu unakatwa. Nilitembea kutoka Mutanga Nord mpaka Buyenzi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nampikia kichwani.

Kidonda kilikauka kabla ya mvua nyingine. Daktari alifurahi, namba zilikuwa zimeshuka, na Mzee Jumaine, ambaye hakuniamini bado, akasema zamu itarudi tukishaona Zaina anapika nini. Akaja mwenyewe Buyenzi mchana wa Jumapili, pamoja na mgonjwa, na Mama Asha. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Asha kuingia kwangu. Nilimwona akitazama kila kitu kwa kuzungusha macho mara moja tu: kitanda nyuma ya pazia, picha yetu ya ndoa, ukuta ule mwembamba. Akaketi kwenye mkeka, akakunja miguu, akasema, "Kwako kuna baridi nzuri." Hakukuwa na baridi yoyote.

Nilikuwa nimenunua mukeke, samaki wa ziwani, mnene, ametoka majini asubuhi ileile. Watu wetu humkaanga mpaka mafuta yakafunika mgongo. Mi nilimchanja ubavuni, nikamsugua tangawizi, saumu, ndimu na pilipili, nikamwacha akae, kisha nikamchoma juu ya makaa polepole, nikimpepea, moshi ukiingia kwenye nyama. Jambo hili jiko la gesi haliwezi. Maharage niliyapika na intore, zile nyanya chungu za hapa, lengalenga niliivukiza kwa kitunguu, na bugali nikaikata donge la ngumi ya mtoto. Nilimnawisha mikono mume wangu, kisha Mzee Jumaine, kisha nikamnawisha Mama Asha, na maji yalipokuwa yakimwagika juu ya ile mikono mizuri tulitazamana, naye akainamisha macho kwanza.

Baba Asha akamega samaki. Akatafuna. Akamega tena. Nilikuwa nimesimama na birika. Halafu akaanza kumwambia kaka yake habari za mteja mmoja aliyekuja dukani kutafuta breki huku gari lenyewe alishaliuza, akaigiza ile sauti, akajipiga paja, akacheka. Jirani akagonga ukuta. Akauliza, kama zamani, "Baba Asha, na sisi tucheke?" Mzee Jumaine alicheka, mi nilicheka, na mume wangu akaninyooshea kidole chenye samaki na kusema kwa sauti ya kunipa zawadi, "Zaina, leo umeweza. Hii ni ya Mama Asha kabisa. Mukono wake huu, Mama Asha anapika vizuri namna hii."

Nikaweka birika chini, nikatoka uani. Moshi ulikuwepo, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya machozi. Miezi yote ile, vidole nimeviunguza, samaki nimemchagua mwenyewe, moshi ni wangu, makaa ni yangu, na sifa imepanda pikipiki imekwenda Mutanga Nord. Mama Asha akanifuata. Alisimama karibu na mbabula, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia jiko la mtu mwingine bila kutaka kuligusa.

"Unalia nini?" akaniuliza.

"Umesikia alichosema."

"Nimesikia. Zaina, mi nimemupikia hivi tangu kidonda kianze. Kila siku. Nilikuwa nangojea neno moja tu, aseme, Mama Asha, ni kitamu. Hakusema. Leo amelisema. Amelisema hapa, ku mukeka wako, anakula samaki yako, anacheka." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo iliyonitisha. "We unalia. Mi nifanye nini?"

Hatukukumbatiana. Wanawake wa hadithi wangekumbatiana. Nilijifuta kwa ncha ya kanga, nikamwuliza kama maharage yalikuwa yamekosa kitu, akasema unga wa ndagala ungekuwa kidogo zaidi, tukarudi ndani. Mzee Jumaine alikuwa akilamba mifupa. Jioni ile mume wangu hakurudi Mutanga Nord, na Mama Asha alipanda teksi na shemeji yake, akiwa ameshika kapu langu. Nilikuwa nimemfungia mukeke wa pili.

Tangu hapo mashine ile ya sukari ilikuwa ikisafiri ndani ya mkoba wa mume wetu, kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Alipofika kwangu nilimpima mlangoni, kabla hajavua kofia, nipate kujua Mama Asha amemlisha nini, na alipofika kwake naye alimpima mlangoni. Namba ikiwa nzuri niliumia, ikiwa mbaya niliumia vilevile kwa ajili ya mguu. Maskini mwanaume yule, alitobolewa vidole na wivu wa wanawake wawili kwa miaka mingi, na akaishi. Akiwa bandarini kutoa mzigo alikuwa akijiibia mishikaki ya mbuzi, akidhani hatujui. Tulijua. Siku hizo tulipigiana simu, na tulikuwa wakali kwake kwa sauti moja. Niliendelea kumwita Baba Asha hata nilipozaa wangu, ulimi ulikuwa umeshazoea.

Alifia kwangu, mzee, asubuhi ya zamu yangu, baada ya uji usio na asali. Mama Asha alifika kabla ya watu wengine. Aliingia nyuma ya pazia, hakulia, akaenda upande wa miguuni, akafunua shuka, akatazama. Dole gumba la kushoto lilikuwa na kovu jeupe. "Miguu yote miwili," akasema. Akafunika. Halafu akanigeukia na macho ambayo sijayasahau, akaniambia, "Lakini we umenishinda. Amekufa ku zamu yako." Nilijua anasema kweli, na hata katika kilio kile, Mungu anisamehe, kuna mahali ndani yangu palitulia.

Baada ya hapo tulikuwa tunakula pamoja kila Ijumaa, mara kwake, mara kwangu, na kila mmoja alimaliza sahani ya mwenzake bila kuisifu. Wiki iliyopita ilikuwa kwangu. Nilichoma mukeke. Alikula wote, akafuta vidole kimoja kimoja, akaniambia samaki amechelewa kutolewa motoni.

Sasa Asha ananiletea sahani, ananiita mama mdogo, ananibembeleza nile. Wageni wanaendelea kuingia. Wanaona machozi yangu, wanasema tazama jinsi walivyopendana, na hawakosei, nalia mwenzangu, sina mwingine aliyejua ule mwaka. Lakini kuna kitu kingine, nacho siwezi kumwambia mtu kwenye matanga. Yeye ametangulia. Yuko na mume wetu huko, peke yao, bila mi, bila mashine, na nikifumba macho namwona akimwekea sahani, na ninasikiliza kama yule mwanaume anacheka. Leo ni siku ya tatu. Zamu zetu zilikuwa siku mbilimbili.